Mpaka wa Maji pale Karia

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuweka mipaka ya vinamasi, karibuni, na poleni mapema. Poleni kwa sababu matope yatawameza. Sisemi huenda, nasema yatawameza! Mimi yamenimeza hapa Uthiru, yamenimeza ukingoni mwa mto pale Ngara, na siku moja yalinimeza mbele ya mkubwa wetu wa ofisi, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kusema kwamba ardhi ile ni kavu. Buti la mpira likabaki chini, mimi nikatoka na soksi. Kwa hivyo somo la kwanza ni hili: vaeni soksi zisizo na matundu, maana iko siku watu wataziona.

Naitwa Nekesa, ila huku Uthiru wananiita Mama Bikoni. Bikoni mnaijua, ile nguzo fupi ya zege inayoonyesha ardhi ya mtu inaishia wapi. Nimezimwaga, nimezibeba begani, nimezipaka rangi, nimegombana na watu kwa ajili yake mpaka ofisi ikaamua kwamba nimechoka. Mimi sijachoka. Goti ndilo lililochoka, nalo halikuniuliza. Ndiyo maana nakaa kuwaandikia haya, na mkononi bado nina kucha zenye udongo kwa sababu jana nilipita tena kule Karia kuangalia mambo yangu. Nitawafikisha Karia. Ngojeni kwanza.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta maji yanaishia wapi na kuweka alama hapo, ili mtu asijenge ndani yake na asimwage kifusi. Ukiisikia ni rahisi. Unaenda, unaona maji, unaweka nguzo, unarudi kunywa chai. Thubutu! Maji ya Nairobi yana ujanja. Mwezi wa pili unaweza kucheza mpira katikati ya kinamasi na vumbi likutoke puani. Mwezi wa nne, pale pale, bata wanaogelea. Na mtu anayetaka kujenga huja lini? Mwezi wa pili! Anasimama na viatu vyake safi, anagonga ardhi kwa kisigino, anakuuliza, "Madam, swamp gani hii? Hata chura mmoja hakuna."

Aliyenifundisha kumjibu mtu huyo ni marehemu Mzee Njoroge, msoroveya wetu, yaani mpima ardhi. Alikuwa mwembamba, mkali, mzaliwa wa huku huku kandokando ya jiji, na mtu wa kukunywea chai yako huku anakukosoa. Mimi nilikuwa kibarua wa kubeba zile fito za rangi nyekundu na nyeupe. Nimezaliwa karibu na kinamasi kule magharibi, kwa hivyo nilijiona bingwa. Nikamwambia, "Mzee, mimi nikiona mafunjo najua maji yapo." Akaniuliza, "Na yakifyekwa?" Kisha akajijibu, "Majani hufyekwa, Nekesa. Udongo hauna pa kukimbilia."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hili hamtafundishwa na simu. Chukua keekee ya udongo, ule mtaimbo wenye ncha ya kujipinda kama skrubu. Anzia pale unapojua kabisa ni majimaji, kisha panda taratibu kuelekea pakavu. Usianzie pakavu, utachoka na kuamua mapema. Zungusha keekee hadi iingie kina cha mkono mpaka kiwiko, itoe, shika bonge la udongo ulivunje kwa vidole. Usilikate kwa panga, panga hupaka rangi yote pamoja ukashindwa kuona kitu. Lilowanishe kidogo, litazame juani. Likiwa jekundu lote kama udongo wa shamba la kahawa, hapo maji hayakai. Likiwa na kijivu cha majivu ya jiko, na ndani yake vitone vya kutu kama vya msumari wa zamani, hapo maji huja na kukaa, hata kama leo vumbi limejaa. Endelea kupanda, shimo baada ya shimo, hadi kijivu kile kipotee. Hapo ndipo mpaka wa maji.

Wanangu, hakuna utamu kama ule! Kuvunja bonge katika jua la mwezi wa pili, mtu amesimama pembeni akikucheka, halafu ukute kutu ndani! Nilikuwa napiga kelele, "Kutu! Kutu!" na wapita njia wa Waiyaki Way wanasimama wakidhani nimepata dhahabu. Mzee Njoroge alikuwa akijifanya hanijui.

Vifaa vilibadilika mikononi mwetu. Tulianza na mnyororo wa kupimia na fito, ukikosea unarudi mwanzo. Zikaja mashine za kuongea na setilaiti. Halafu ikaja droni, na siku ya kwanza kuirusha pale Ngara, kando ya mto, wafanyabiashara wote waliacha bidhaa zao wakatoka kutazama. Ikapanda, ikalia kama nyuki, tukapiga makofi. Mwewe mmoja aliyezoea kunyang'anya watu nyama choma akaiona akadhani ni chakula au ni adui, sijui. Akaishukia! Umati mzima ukagawanyika, wengine wanashangilia droni, wengine mwewe. Mama muuza ndizi akapaza sauti, "Mwewe hoyee!" Mwewe akashinda. Tukaitoa ile droni majini kwa fito ya rangi nyekundu na nyeupe, na Mzee Njoroge akaifuta ile fito kwa heshima kubwa akasema, "Unaona? Bado una kazi."

Ngara hiyo hiyo ndiko nilikojifunza jambo lililokuja kunifaa baadaye. Tulikuwa tumeweka bikoni kando ya mto, na tuliporudi kuzikagua nyingi zilikuwa zimeng'olewa. Moja ilikuwa kizingiti cha kibanda. Nyingine ilikuwa imelalia bati lisipeperuke. Lakini moja ilikuwa wima, imara, na imevaa koti. Ndiyo, koti la kijivu la kiume, na kofia juu! Muuza mitumba mmoja alikuwa ameifanya sanamu ya kuonyeshea nguo zake. Nikamwuliza kama anajua ile ni alama ya mto. "Sasa madam, hii ni mfanyakazi wangu," akasema. "Mtu akiigusa tunakosana." Nilitaka kumfokea, nikaishia kucheka. Bikoni ile ndiyo pekee iliyokuwa na mtu wa kuilinda. Nikaondoka nimeliweka hilo kichwani bila kujua nitalifanyia nini.

Haya, sasa Karia.

Karia ni bonde dogo nyuma ya Uthiru, upande wa kushuka. Kwa Kikuyu jina lenyewe ni kama kusema ziwa dogo, lakini ukifika usitafute ziwa. Ni kinamasi, mafunjo katikati, nyasi pembeni, na upande mmoja chemchemi inayotoka chini ya jiwe. Hapo kwenye chemchemi ndipo Mama Shiku alipokuwa na kitalu chake cha miche. Alikuwa mjane, mwenyeji wa pale pale, na watoto wake wote walisoma kwa miche ile, mikuyu na mipapai na maua ya watu wa mitaa ya matajiri. Miche ilikunywa maji ya chemchemi asubuhi na jioni. Hakuwa na bomba wala mpango wa bomba.

Siku tuliyofika, maji yale yalikuwa yanakufa. Hapo juu kidogo malori yalikuwa yamemwaga kifusi, chungu baada ya chungu, na tingatinga likakisawazisha kuelekea ndani ya kinamasi. Dimbwi la chemchemi lilikuwa limebaki tope. Mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa nimetumbukia mguu mzima, nikamwomba Mama Shiku maji ya kunawa.

Hakunitazama hata. "Mguu utakaa na matope," akasema. "Maji haipo."

Kisha akainua kichwa, nikaona macho yake. Akanionyesha miche iliyokauka safu nzima. "Hii maji ikiisha kabisa, mimi naenda wapi? Unieleze, naenda wapi na umri huu?" Nimewekea mipaka vinamasi vingi, lakini pale ndipo nilipohisi kwamba nikishindwa, kuna mtu nitakayemkuta njiani na sitaweza kumsalimia.

Mwenye kifusi alikuwa jirani yake, Baba Kevo. Msidhani alikuwa jitu lenye pembe. Alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa besi kanisani, mwenye nyumba mbili za kupangisha na hamu ya kujenga ya tatu. Shamba lilikuwa la ukoo wao, linashuka mpaka kinamasini, na yeye aliamini linaendelea hadi katikati ya mafunjo. "Mama Bikoni, mimi sina ubaya na mtu," aliniambia, na akawa kweli ananitafutia kiti. "Lakini hii swamp hailipi kodi. Nyumba inalipa. Na ukiangalia, ni kukavu!"

Ulikuwa mwezi wa pili, bila shaka.

Tukafanya kazi yetu. Keekee ikazunguka, kutu zikaonekana, mimi nikapiga kelele zangu. Mstari ukatoka, na ulipita kwenye ukingo wa juu wa kile kifusi, yaani karibu chote kilikuwa ndani ya kinamasi. Baba Kevo akatazama bonge la udongo mkononi mwangu akacheka kwa adabu. "Sasa mimi niache kujenga juu ya rangi ya matope?" Ofisi ikaidhinisha mstari, tukaenda River Road kununua rangi na kalibu za kumwagia zege, tukatengeneza bikoni nzuri, nyeupe, safi, tukazisimamisha zote kuzunguka Karia. Mzee Njoroge akapiga picha. Tukarudi mjini tukijipongeza.

Na sasa, vijana, nawaomba msome pole pole, kwa sababu kosa tulilofanya ni la watu wa mji huu, na nyinyi mtalifanya msipoangalia.

Baada ya manyunyu ya kwanza nilirudi peke yangu kukagua. Nikakuta watu ukingoni mwa kinamasi, mume na mke waliovaa nguo za kanisani, na pasta, wamezunguka bikoni yangu, wameshikana mikono, wanaomba. Pembeni amesimama kijana mmoja na faili kwapani, macho hayatulii. Pasta alikuwa ameshaipaka bikoni yangu mafuta! Anaiombea familia, anaibariki ploti, anafunga roho za wivu za majirani. Mimi mtu wa kanisa siwezi kukatiza maombi, kwa hivyo nikafumba macho na mimi. Sala ilikuwa ndefu. Ilipofika kwenye kuwaombea wajukuu, nilifumbua jicho moja nikaona visigino vya yule mama vimezama, na maji yameanza kuingia viatuni mwa pasta. Kufika amina, wote walikuwa wamefupika kidogo.

Nikawauliza kuna nini. Lafudhi ya yule baba ikanipa moyo, nikamwamkia kwa lugha ya nyumbani. Kumbe ni watu wetu wa magharibi, wanafanya kazi kwenye duka la vyuma River Road. "Mama, tumeonyeshwa ploti," akasema, bado anang'ang'ana kung'oa kiatu. "Huyu kijana ametuambia hii ndiyo ya mwisho, zingine zimeenda. Na tukaona ni ya ukweli, kwa sababu iko na bikoni tayari."

Iko na bikoni tayari! Nilitaka ardhi inimeze, na kwa pale isingekuwa taabu. Nilipogeuka kumtafuta yule dalali, alikuwa anaruka ua wa Mama Shiku na faili lake mdomoni. Nikawaeleza mume na mke, mke akaketi pale pale kwenye nyasi za majimaji akalia kwa afueni, kwa sababu walikuwa walipe siku ileile. Mumewe akawa anaishika mikono yangu anaitikisa. Mimi nilikuwa nafurahi nao na kuona haya kwa wakati mmoja.

Nilimwita Mzee Njoroge aje Karia, na nilipomweleza aliketi juu ya bikoni moja akavua kofia. "Tumewapigia madalali matangazo," akasema. Na ndivyo ilivyokuwa. Katika jiji hili, mtoto wa chekechea akiona nguzo nyeupe ardhini anajua kitu kimoja tu, ploti inauzwa. Sisi tulitaka kusema usiingie. Nguzo zetu zikasema karibuni, nafasi bado zipo.

Hatukuwa tumemaliza kusikitika, tukasikia wilibaro inalia ngwii ngwii inakuja. Ndani yake bikoni. Nyuma yake bibi kizee aliyefunga kitambaa kichwani na shuka kiunoni, anasukuma kwa hasira. Alikuwa mama yake Baba Kevo, Cucu Wairimu, yaani Bibi Wairimu. Akaipindua wilibaro, bikoni ikaanguka mbele ya miguu ya Mzee Njoroge, puu!

"Nani anauza shamba ya mzee yangu?" akauliza.

"Cucu, hakuna anayeuza, sisi tunaonyesha mwisho wa maji."

"Kwa mawe ya kuuza? Kwani mwisho ulipotea?" Akatutazama mmoja mmoja kama watu waliokosa akili. "Baba mkwe wangu alipanda matoka hapo chini nikiwa bibi arusi. Akasema mbuzi wasipite, watu wasilime, huko ni kwa maji. Hamkuona matoka?"

Mzee Njoroge akajishika kichwa kwa mikono miwili. Itoka, wingi wake matoka, ni ua lenye kiazi kikubwa chini ya ardhi, jamii ya yungiyungi, na kwa Wakikuyu ndilo lililokuwa bikoni kabla ya bikoni. Lilipandwa mpakani mbele ya majirani. Anayeling'oa alijitafutia laana yeye na watoto wake, na hadi leo mtu aliyelelewa huku hata kama amesahau mengine yote, hilo hajalisahau. "Mimi mwenyewe ni Mkikuyu," Mzee akasema kwa sauti ya mtu aliyepoteza funguo akazikuta mfukoni. "Nilidhani hayo yaliisha lami ilipoingia."

"Lami imeingia kwa barabara," Cucu akamjibu. "Haijaingia kwa kichwa."

Wanangu, tulikimbia! Mimi na goti langu, Mzee na kofia yake mkononi, Cucu mbele yetu sote. Akaingia vichakani akafunua nyasi kwa fimbo, akaonyesha. Itoka! Majani marefu ya kijani yaliyolala pembeni kama nywele zilizopakwa mafuta. Hatua kadhaa mbele, lingine. Nikaweka keekee kando yake, nikazungusha, nikavunja. Upande wa juu udongo mwekundu. Upande wa chini kijivu na kutu. Nikapiga kelele mpaka Mama Shiku akatoka mbio kitaluni akidhani nimeumwa na nyoka. Siwadanganyi kwamba mistari ililingana kila mahali, la. Mahali pengine matoka yalikuwa juu kidogo, mahali pengine kutu ndizo zilizopanda zaidi, tukakubaliana kufuata ile inayoyapa maji nafasi kubwa. Lakini mwelekeo ulikuwa ule ule, na tulipoufuata uliingia moja kwa moja chini ya kifusi cha Baba Kevo na kupotelea humo.

Cucu akampigia mwanawe simu. Hakusema mengi. "Njoo na jembe."

Baba Kevo alikuja na viatu vya ngozi na jembe jipya lenye stika bado. Mama yake akamwonyesha itoka la upande huu wa kifusi, akamwonyesha la upande ule, akamwambia achimbe katikati. "Mami, hapo nimelipia tingatinga," akajaribu. "Chimba," akasema Cucu.

Akachimba. Kifusi kilikuwa kimeshindiliwa, jasho likamtoka. Mama Shiku alikuwa ameshika shavu. Nilikuwa namwombea hata sijui nini, maana kama hakungekuwa na kitu mle chini, jioni ile angerudi kwenye miche yake iliyokauka na sisi kwenye rangi yetu ya matope. Jembe likagonga kitu laini. Akapiga magoti, akatoa mawe kwa mikono. Kilikuwa kiazi cha itoka, kikubwa kama kichwa cha mtoto, na juu yake chipukizi limekunjamana, jeupe kwa kukosa jua, linasukuma kwenda juu. Lilikuwa hai!

Baba Kevo akakaa pale chini na suruali yake safi. Akakipangusa kile kiazi kwa kiganja. Halafu akasema pole pole, "Nimemwagia guka kifusi." Guka ni babu. Cucu akageuza uso akajifuta kwa ncha ya kitambaa, na mimi nililia waziwazi, sina aibu nayo.

Akili ya kilichofuata ilikuwa ya Cucu, ingawa mimi nilichangia kwa kuwasimulia habari ya bikoni ya Ngara iliyovaa koti. Nilisema nguzo hudumu ikiwa na mwenyewe. Cucu akasema basi kila bikoni ipandiwe itoka ubavuni, na apande jirani wa hapo, mbele ya wengine, kwa mkono wake. Aliyepanda itoka hawezi kuling'oa, na hawezi kumwangalia mwingine akiling'oa. La kwanza akapanda Baba Kevo. Mzee Njoroge akaingiza bikoni zote kwenye mashine yake ya setilaiti, chifu akashuhudia, mambo ya karatasi yakafuata njia yake. Mpaka ukawa na serikali juu yake na laana chini yake. Mnatafuta ulinzi gani zaidi?

Lori lile lile lililoleta kifusi ndilo lililokiondoa, na Baba Kevo mwenyewe alisimama pale akilielekeza. Tukakata mikaratusi iliyokuwa ikinyonya bonde, tukapanda mafunjo upya na mikuyu kutoka kwa Mama Shiku. Wengi mtadhani maji yalirudi siku ileile kwa vigelegele. Hayakurudi. Mama Shiku alikuwa akiinama kila asubuhi kwenye lile jiwe, anainuka na ndoo tupu. Somo lingine hilo, ardhi iliyoshindiliwa hukaa na kinyongo. Mvua ndefu zikaja, zikaisha, dimbwi likawa na unyevu tu. Mzee Njoroge akastaafu. Mimi nikawa nakaribia.

Ndipo ikaja asubuhi ninayotaka mwondoke nayo.

Ilikuwa baada ya mvua za msimu uliofuata, matoka yamechanua pande zote za Karia, maua meupe yenye mistari ya waridi, yameinama kama waumini. Nilikuwa ndani ya mafunjo nikikagua, sionekani. Nikasikia lori. Si la Baba Kevo, hili nilikuwa silijui, limejaa udongo wa msingi uliochimbwa mahali fulani mjini, na dereva kijana anatafuta pa kumwaga bure. Likashuka bondeni, likageuka kinyumenyume, likaanza kuja. Nilitaka kupiga mbio, mguu umeshikwa na tope. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Mimi! Sauti haikutoka!

Lori likasimama. Dereva akavuta breki, akashuka, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akatembea hadi nyuma. Akatazama bikoni. Akaipita. Akatazama itoka. Akatazama lingine, na lingine, akageuza shingo akafuata safu nzima inavyozunguka bonde. Akatoa simu.

"Buda, niaje. Hapa haiwezekani. Kuna matoka." Akasikiliza. "Zii, bikoni si shida, bikoni ningepita. Nasema matoka, buda, imepandwa, moja moja, na imetoa maua. Mimi niko na watoto." Akasikiliza tena. "Basi kuja umwage mwenyewe."

Akapanda, akawasha injini, akaondoka na mzigo wake.

Vijana, niliruka! Kwa umri wangu na goti langu, niliruka juu ndani ya mafunjo nikipiga vigelegele, ndege wote wakaruka pamoja nami, na nilipotua buti lilibaki chini na mimi nikatoka na soksi, mzima mzima mbele ya kitalu cha Mama Shiku. Alikuwa ameinama pale kwenye jiwe lake. Alikuwa ameona yote. Alicheka hadi akashika mbavu, akasogea pembeni, nami nikaiona ndoo yake chini ya jiwe, imejaa pomoni na bado inapokea.

"Lete huo mguu nikuoshe," akasema. "Maji iko."